Acha mujaja uchanue: mmea wa asili unaolisha nyuki wa Uganda

Kila inapokaribia tarehe 20 Mei, Siku ya Nyuki Duniani, makundi ya WhatsApp ya wakulima hupokea ujumbe wa aina moja: nyuki wanapungua, pandeni maua ya asili. Chini ya ujumbe huwa kuna picha za kupendeza, na ukizitazama vizuri unakuta lavenda ya nchi za Mediterania, alizeti ambayo chimbuko lake ni Amerika ya Kaskazini, na maua mengine ya bustani za Ulaya. Mtu wa Luweero au Bugiri anayetaka kuufuata ushauri huo huuliza swali la haki kabisa: ya asili wapi?

Jibu langu ni kwamba mmea unaomfaa zaidi Mganda wa kawaida mwenye kiwanja kidogo pengine uko tayari nyuma ya jiko lake. Ni mujaja, huohuo tunaoutia kwenye chai. Ni wa asili, unadumu miaka, hauna gharama, na wadudu wanaochavusha mazao yetu wanaupenda sana. Tunaukosea jambo moja tu: tunauchuma majani kila siku hadi haupati nafasi ya kutoa maua.

Lakini ili jibu hilo lieleweke, kuna mambo kadhaa yanayochanganywa ambayo ni lazima yatenganishwe kwanza.

Uchavushaji ni kitu gani

Chavua ni unga, mara nyingi wa rangi ya njano, unaotoka katika sehemu ya kiume ya ua. Uchavushaji ni unga huo kufika kwenye sehemu ya kike, ya ua hilohilo au la mmea mwingine wa aina ileile, ili mbegu na tunda vipatikane. Wakulima wa vanila wa Mukono, Kayunga na Bundibugyo hawahitaji kuelezwa zaidi ya hapo, kwa sababu kazi hiyo wanaifanya kwa mikono yao. Vanila ilitoka Mexico, na ilipoletwa huku haikuja na wadudu wanaoihudumia kwao. Kwa hiyo msimu wa maua ukifika, mkulima hudamka na kijiti chembamba, akapita shina kwa shina. Anapasua ua kidogo, anainua kiutando kinachotenganisha sehemu ya kiume na ya kike, anazibana pamoja kwa kidole gumba, kisha anahamia ua linalofuata. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu, na mchana likishanyauka bila kuhudumiwa, limepotea. Mbinu hiyo iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na kijana mtumwa aliyeitwa Edmond Albius, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, na hadi leo vanila ya Uganda inaitegemea.

Sasa fikiria kuifanya kazi hiyo kwa kila ua la boga, la tikiti, la pasheni na la kahawa. Hakuna familia yenye mikono ya kutosha. Wadudu wanaotufanyia kazi hiyo bila malipo ndio wanaoitwa wachavushaji. Nyuki ndio wakuu wao, lakini vipepeo, nzi wa maua, nondo na mbawakawa wamo pia, na ndege wadogo wanaofyonza maua tunaowaita chozi nao hawako nyuma.

Mmea wa kudumu ni ule unaoishi miaka kadhaa: ukikatwa unachipua, kiangazi kikipita unarudi. Mahindi na maharage si ya kudumu. Ukishavuna, habari yake imekwisha. Tofauti hii ina uzito kwa nyuki, kwa sababu mmea wa kudumu una mizizi ya kwenda chini kutafuta maji wakati mimea ya msimu imeshakauka, na hauhitaji kupandwa upya kila mvua zinapoanza.

Kinachoota chenyewe si lazima kiwe cha asili

Hapa ndipo wengi wanapotea. Mmea wa asili ni ule ambao umekuwepo mahali fulani bila binadamu kuuleta. Watu wengi hudhani kwamba kila kinachoota porini au kando ya barabara bila kupandwa ni cha asili. Sivyo. Ile ssere inayonata kwenye nguo ukikatiza shamba ilitoka Amerika ya kitropiki. Namirembe, yenye vichwa vidogo vya zambarau, ilitoka hukohuko. Tithonia, ile yenye maua makubwa ya njano kwenye kingo za barabara zetu nyingi, ni ya Mexico. Hata kayukiyuki, ambayo watoto wetu hula matunda yake meusi na ambayo nyuki na vipepeo huifurika, ni mgeni kutoka Amerika. Kayukiyuki imekwenda mbali zaidi: imevamia malisho, ng'ombe wakila majani yake huugua, na duniani inatajwa miongoni mwa mimea vamizi mibaya kabisa. Mmea vamizi ni huo: mgeni anayesambaa mpaka anawafukuza wenyeji.

Kwa hiyo nyuki kuupenda mmea hakutoshi kuufanya ufae kupandwa. Nyuki anatafuta chakula chake cha leo. Hajui kama kichaka hicho kitameza malisho ya jirani miaka 10 ijayo.

Na jambo hili lina upande wa pili. Kifabakazi, mti wetu wenye maua mekundu kama moto, ni wa asili hapa, na ndege hufurahia maua yake. Uliposafirishwa kupamba bustani za visiwa vya Pasifiki kama Hawaii na Fiji, ukawa vamizi na ukaingia kwenye orodha ileile ilimo kayukiyuki. Huko Brazil, watafiti wamekuta nyuki wadogo wa kienyeji wakifa ndani ya maua yake. Mti ni uleule. Kilichobadilika ni mahali. Ndiyo maana orodha ya maua ya asili iliyoandikwa kwa ajili ya bustani za Uingereza au Marekani haina kazi Masaka, hata kama nia ya aliyeituma ni njema.

Vya kwetu vipo na ni vingi: mululuza mchungu, kichaka cha kamunye, ekifumufumu chenye mafundo ya maua ya rangi ya chungwa, musambya unaomwaga maua ya njano uani, na kahawa ya robusta yenyewe, ambayo bado inaota porini katika misitu kama Kibale. Ekifumufumu ni kizuri sana kwa chozi, lakini mara nyingi kinakufa baada ya msimu mmoja. Mululuza ni kichaka kikubwa, karibu mti. Kwa mwenye nafasi ndogo anayetaka mmea mmoja wa kudumu wa kuanzia, nasimama na mujaja.

Mujaja kwa karibu

Kisayansi unaitwa Ocimum gratissimum, jina alilolichapisha Carl Linnaeus mwaka 1753. Uko katika ukoo mmoja na mnanaa, mrehani na rozimari. Asili yake ni maeneo mapana ya Afrika ya kitropiki pamoja na sehemu za kusini mwa Asia, na kwetu unaota kwenye kingo za misitu, mashamba yaliyopumzishwa na nyuma ya nyumba. Pwani ya Kenya na Tanzania watu wanalo jina la kivumbasi, wanalolitumia kwa mmea huu na kwa jamaa zake wadogo. Uganda, hata tukizungumza Kiswahili, tunasema mujaja, nami nitaendelea hivyo.

Unafika urefu wa mita moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi. Shina changa lina pembe nne, unaweza kuzihisi ukilizungusha baina ya vidole, na karibu na ardhi linakomaa na kuwa gumu kama mti. Majani hutoka mawilimawili yakitazamana, kingo zake zina meno madogo. Ukilifikicha jani, harufu inafanana na ya karafuu. Hilo si bahati tu: katika aina nyingi za mujaja mafuta ya majani yana eujenoli kwa wingi, kemikali ileile inayoipa karafuu ya Zanzibar harufu yake. Aina nyingine zina timoli zaidi, ile ya mimea ya ukoo huu inayotiwa kwenye dawa za kikohozi, ndiyo maana mujaja wa kijiji kimoja unaweza kunukia tofauti na wa kijiji kingine.

Ua lenyewe ni dogo mno, milimita chache tu, jeupe lenye ukijani au unjano kwa mbali. Ukiwa umesimama hulioni. Inabidi uinamie suke, ule mstari mrefu wa maua unaotoka kwenye ncha ya tawi, ndipo unakuta maua yamejipanga kwa vikundi vya sita kulizunguka suke, ngazi juu ya ngazi. Kila ua lina midomo miwili. Katika mimea mingi ya ukoo huu, nyuzi zinazobeba chavua hujificha chini ya mdomo wa juu na kumpaka nyuki mgongoni. Mujaja umefanya kinyume: nyuzi zake nne zimelala juu ya mdomo wa chini na kuchomoza nje. Nyuki akitua kunywa nekta, yaani maji matamu yaliyo ndani, tumbo lake linazifagia. Mtazame akiondoka, utaona unga umembandika chini ya tumbo, siyo mgongoni. Ua likishachavushwa, kikombe chake kinainama na kufunga mdomo, kikihifadhi mbegu nne ndogo za kahawia.

Maua ya suke moja hayafunguki yote kwa pamoja. Yanaanzia chini na kupanda juu, siku baada ya siku, na masuke mapya yanatoka kwenye matawi ya kando wakati ya kwanza yanazeeka. Shina lililopata maji na kukatwa vizuri linaweza kuwa na maua sehemu kubwa ya mwaka. Sifa hii, kuliko nyingine yoyote, ndiyo inayoufanya uwe wa thamani.

Tatizo ni siku za katikati

Chukua kahawa, zao ambalo nchi hii inaishi nalo. Takriban asilimia 80 ya kahawa ya Uganda ni robusta, na ua la robusta haliwezi kurutubishwa na chavua ya mti wake mwenyewe. Lazima chavua itoke kwenye mti mwingine wa robusta wenye nasaba tofauti. Ndiyo sababu wakulima wa kahawa ya vipandikizi wanaambiwa wachanganye aina kadhaa shambani, kwani miti iliyotokana na mzazi mmoja ni kama mti mmoja, haisaidiani. Upepo hubeba sehemu ya chavua, na nyuki hubeba sehemu nyingine. Arabika ya Mlima Elgon na Rwenzori inaweza kujichavusha, lakini nayo hushika matunda zaidi nyuki wakiitembelea.

Sasa angalia kalenda. Mkahawa hungoja mvua baada ya kiangazi, kisha shamba zima linageuka jeupe kwa mara moja, na baada ya siku mbili au tatu maua yananyauka. Katika siku hizo unahitaji jeshi la nyuki. Lakini jeshi hilo lilikuwa linakula nini wiki zote zilizotangulia? Kahawa ni kama soko la gulio: siku yake ikifika kuna kila kitu, siku nyingine uwanja mtupu. Nyuki wanahitaji pia duka la mtaani lililo wazi kila asubuhi, hata kama bidhaa zake ni chache. Mujaja ndio duka hilo.

Mtafiti Théodore Munyuli amefanya kazi kubwa ya kuchunguza nyuki katika mashamba ya kahawa na migomba ya Uganda ya kati. Funzo la tafiti za aina hiyo liko wazi: kinachoamua wingi wa nyuki shambani ni mazingira yote yanayolizunguka shamba, yaani vichaka, mabaki ya misitu na vipande vya ardhi visivyolimwa, siyo zao peke yake. Kila tunapong'oa ua la kienyeji na kupulizia dawa ya kuua magugu hadi kwenye mpaka wa jirani, tunafunga duka moja.

Na tukisema nyuki tusiwaze nyuki wa asali pekee. Uganda ina nyuki wa aina nyingi mno wasioishi mizingani. Wapo nyuki wadogo weusi wasio na mwiba, wanaojenga kwenye mianya ya kuta na magogo, ambao asali yao Wabatwa wa eneo la Bwindi wameijua kwa vizazi vingi. Wapo nyuki weusi wanene wanaotoboa mbao za paa. Wapo wale wa kasi wenye mikanda tumboni, wanaoelea mbele ya ua kwa mvumo mkali kabla ya kutua. Hawa wa mwisho wanapenda sana maua ya jamii ya mujaja, na wana ujuzi ambao nyuki wa asali hana. Ua la nyanya na la biringanya huficha chavua ndani ya mirija, na chavua haitoki vizuri mpaka ua litikiswe. Nyuki huyu hulikumbatia ua na kutetemesha misuli yake hadi unga unamwagika. Ukiwavuta nyuki hawa bustanini kwa mujaja, umeipata na huduma ya biringanya.

Tungekufa njaa bila nyuki?

Kuna kauli inayozunguka sana, eti Albert Einstein alisema nyuki wakitoweka binadamu atabakiwa na miaka minne ya kuishi. Hakuna ushahidi wowote kwamba aliisema. Na kwa Uganda haingekuwa kweli. Matoke hayahitaji uchavushaji kabisa. Mgomba hutoa ndizi bila mbegu na bila nyuki. Mihogo na viazi vitamu tunapanda vipande vya shina na kula mizizi. Mahindi, mtama na wimbi havimngoji nyuki. Maharage kwa kawaida hujichavusha yenyewe.

Kauli nyingine ni ile inayosema asilimia 75 ya chakula chetu hutegemea nyuki. Hii ina msingi, lakini husemwa vibaya. Utafiti maarufu uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba kati ya mazao 115 makuu ya chakula duniani, 87 yanafaidika kwa kiwango fulani na wanyama wachavushaji, hasa wadudu. Ni robo tatu ya aina za mazao, si robo tatu ya chakula. Ukipima kwa uzito wa mavuno, mazao hayo yanatoa takriban asilimia 35, na mengi yao yangepungua tu bila kukoma.

Nalisema hili si kwa kutaka kupunguza thamani ya nyuki. Naamini hofu ya uongo inaharibu hoja ya kweli. Bila wachavushaji tungebaki na sahani ya wanga. Yangepungua au kukosekana maboga, matikiti, pasheni, maparachichi, ufuta na alizeti ya kaskazini, na kahawa inayolipa karo za shule. Kwa mama anayetafutia watoto wake mboga na matunda, na kwa mkulima anayesubiri bei ya kahawa, hilo ni zito vya kutosha. Halihitaji kutiwa chumvi.

Mmea unaofukuza wadudu utawavutaje?

Swali hili naulizwa kuliko mengine yote, na ni swali zuri. Watu wanaufahamu mujaja kama mmea wa kufukuza mbu. Huchomwa jioni, huning'inizwa dirishani, na wengine huchanganya majani makavu na maharage ya kuhifadhi ili kupambana na wadudu wa ghala. Iweje basi nyuki wamiminike?

Mafuta yenye harufu kali yako kwenye vifuko vidogo sana juu ya majani na mashina. Kazi yake ni kuwazuia wanaotaka kuyatafuna. Yanatoka kwa wingi jani linapofikichwa, kukatwa au kuchomwa. Nyuki hatafuni jani. Anakwenda kwenye ua, anakopewa sukari. Isitoshe, harufu haina maana moja kwa wadudu wote: inayomkera mbu anayetafuta damu inaweza kuwa alama ya mahali pa chakula kwa nyuki. Wafugaji wengi wa nyuki wanalijua hili kwa vitendo, maana husugua mchaichai ndani ya mzinga mpya ili kundi livutike kuingia, wakati watu walewale wanautumia mchaichai huohuo kuzuia mbu barazani.

Nisiache kusema pia kwamba shina la mujaja lililosimama tu uani halitakukinga na malaria. Usiache chandarua.

Hofu nyingine ni ya kuumwa. Nyuki wetu wa asali wana sifa ya ukali, na sifa hiyo ni ya kweli, lakini ukali huo ni wa mlangoni kwao. Wanalinda mzinga, watoto na asali. Nyuki aliye kwenye ua hana cha kulinda, ukimsogelea anahama. Atakudunga ukimkanyaga au ukimbana mkononi. Kwa hiyo usipande mujaja kando kabisa ya kijia ambacho watoto hupita pekupeku, wala karibu na mlango. Hatua chache pembeni zinatosha. Na wanaosema mujaja utaleta kundi la nyuki lihamie darini wanachanganya chakula na makazi: kundi huhamia penye tundu kavu lenye nafasi, hata pasipo na ua hata moja karibu.

Wapo pia wanaodhani mashina matatu ya mujaja yatajaza mzinga asali. Hayatajaza. Mzinga mmoja una maelfu ya nyuki na unahitaji maua ya eneo kubwa. Mashina yako yanasaidia kuziba pengo, na yanawafaa zaidi wale nyuki wadogo wanaoishi peke yao, ambao safari zao si ndefu.

Kuupanda

Njia rahisi kabisa ni kumwomba jirani tawi. Chagua tawi ambalo si changa sana wala halijawa gumu kama ukuni, lisilo na maua, ulikate urefu wa sentimita 15 hivi chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, acha mawili au manne ya juu, na kama ni makubwa yakate nusu ili yasipoteze maji. Lichomeke kwenye udongo wenye unyevu, mahali penye kivuli chepesi. Wiki mbili hadi tatu zikipita, ukilivuta taratibu utalihisi limeshika.

Kwa mbegu, subiri suke likauke na kuwa la kahawia, likate asubuhi, liache kwenye karatasi kivulini, kisha lifikiche. Kosa la kawaida ni kuzifukia mbegu mno. Ni ndogo sana na zinapenda mwanga ili ziote, hivyo zinyunyize juu ya kitalu, zifunike kwa udongo mwembamba kabisa na mwagilia kwa kunyunyiza, siyo kwa kumimina. Miche ikifika urefu wa kiganja, hamisha.

Kwa Uganda ya kati na kusini, mwanzo wa mvua za Machi au za Septemba ndio wakati wake. Kaskazini, kwenye msimu mmoja mrefu, anza Aprili au Mei ili mizizi ishike kabla ya kiangazi kile kikali. Pawe na jua sehemu kubwa ya siku na maji yasituame. Acha nafasi ya mita moja hivi kati ya shina na shina. Konzi ya samadi iliyooza inatosha wakati wa kupanda. Ukizidisha mbolea utapata majani mengi na maua haba. Katika shamba la kahawa upande pembezoni, siyo katikati ya mistari unakobanwa na kivuli. Usiogope kwamba utaiibia kahawa nyuki: siku kahawa inapochanua, wingi wa maua yake na ile harufu yake nzito hushinda kila kitu kilicho karibu.

Sasa tufike kwenye ule mgongano wa chai na nyuki. Majani huwa mazuri zaidi kabla ya maua, na mpishi mzuri hukata ncha za matawi kila mara ili mmea uzidi kutoa majani. Ukifanya hivyo kwa shina pekee ulilonalo, nyuki hawapati kitu. Panda mashina mawili au zaidi na uyape zamu: moja la chai, jingine la maua. Masuke ya la pili yakishakauka, lipogoe kwa theluthi moja hivi, ukiacha majani mabichi chini ya mkato, kisha anza kuchuma hapo na uliache lile la kwanza lichanue. Usilikate lote hadi kwenye kuni tupu. Mara nyingi halichipui tena.

Jambo la mwisho la hatari ni dawa. Ukipulizia nyanya zilizo jirani na mujaja uliojaa nyuki, umewaalika kwenye sumu. Kama lazima upulizie, fanya jioni nyuki wakisharudi makwao, siku isiyo na upepo, na kamwe usipulizie mmea wenye maua. Mujaja wenyewe hauhitaji dawa yoyote.

Baada ya miaka mitatu au minne shina linakuwa gumu, majani yanapungua na masuke yanakuwa mafupi. Usisubiri life. Mvua zikianza kata vipandikizi vitano au sita kwenye matawi yake bora, viwili ubaki navyo, na vinavyosalia wape majirani wa pande zote za mpaka, kwa sababu nyuki wa bustani yako wanakula kwao pia.